Kioo Cha Eda

Raya alikuwa katika eda ya mumewe, wakati ambao mjane hajipambi. Alifumua mabutu ayasuke upya, na nywele zilizosukwa zikiwa na maji zikamshukia mabegani kwa mawimbi, kama siku ya harusi yake. Akaivuta kanga iliyofunika kioo. Akajikuta anatabasamu.

"Raya!"

Mkwe wake, Bi Salme, alikuwa mlangoni na bakuli la uji.

Uso ukamwiva kwa aibu. "Nisamehe, mama. Nilikuwa nafumua tu."

"Kaa."

Bi Salme akaketi nyuma yake, akachukua kitana. Raya akainama, akingoja nywele zivutwe kwa hasira. Vidole vikapita kwenye mawimbi polepole, vikasita.

"Alipokufa baba mkwe wako," Bi Salme akanong'ona, "nami nilijitazama."

Kioo kikabaki wazi, na hakuna aliyethubutu kuinua macho.