Darasa la Saa Kumi

Siku matokeo ya darasa la saba yalipotoka, Ainebyona, aliyepata E katika kila somo, alishuka kisimani akiimba.

Mwalimu Eugenia alimsikia kupitia dirisha la ofisi, na wimbo ule ukamchoma kuliko matokeo yenyewe. Mwalimu mkuu, Mutalemwa, alikuwa bado ameshika simu aliyosomea majina. Shule ilikuwa imeshika mkia katani. Kati ya watoto sita wa darasa la saa kumi, hakufaulu hata mmoja.

"Nilikwambia," Mutalemwa alisema, bila ubaya. "Watoto wa huku wanazaliwa panga mkononi. Ulikuwa unajichosha bure."

Kweli Eugenia alikuwa amejichosha. Mwaka mzima, kengele ya kutoka ilipolia saa kumi na walimu wenzake wakashika njia, yeye alibaki na wale sita waliokubali kubaki. Alianza nao kwenye kusoma, maana walikuwa wamefika darasa la saba wakidonoa maneno kama kuku. Msimu wa kahawa ulipofika na wazazi wakawazuia, aliwafuata shambani, akachuma nao huku akiwauliza hesabu.

Mugisha, baba yake Ainebyona, alimtazama kama mtu amtazamaye anayechota maji kwa tenga.

"Mwalimu, mgomba hauulizi cheti," alimwambia siku moja. Kisha akamsogezea kikapu. "Lakini wewe chuma tu. Kahawa ni nyingi."

Kufikia Agosti watoto walikuwa wamewaka. Afisa elimu wa kata alipokuja kukagua, Ainebyona alimaliza hesabu za ubaoni bila kusita, na wenzake wakaeleza walivyozipata. Afisa alifurahi, akamgeukia Eugenia mbele ya darasa zima.

"Hawa wakifaulu, mwalimu, wewe huku hukai. Shule za mjini zinawalilia watu kama wewe."

Eugenia alitabasamu tu. Watoto walikuwa wameinamisha vichwa. Alidhani wanamwonea mgeni haya.

Sasa yote yale yalikuwa yameishia kwenye E. Angeweza kuuvumilia mtihani mgumu. Angeweza kuvumilia hata vicheko vya walimu wenzake, waliomuuliza kama mwakani atafundisha na ng'ombe. Ila mtoto aliyefeli kuliko wote kupita akiimba, kana kwamba hakuna kilichopotea, hilo lilimshinda. Wiki ile ile alimwambia Mutalemwa kwamba anaacha kazi. Dada yake alikuwa na duka la vitenge Muleba, na tangu zamani alikuwa akimwita.

Mutalemwa alishusha pumzi. "Hapa hatutaletewa mwingine," alisema. Hakumbembeleza.

Jumamosi, bodaboda ikiwa imebeba godoro na sanduku lake, Eugenia alimwomba dereva asimame kwa Mugisha. Alimkuta Ainebyona uani akimenya ndizi. Kando yake mdogo wake wa darasa la nne alikuwa akisoma kwa sauti kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi. Alisoma kwa shida, akikwama na kurudi nyuma.

"Shikamoo, mwalimu," Ainebyona alisema, uso umemchangamka.

"Marahaba. Nimekuja kukuaga. Nimeacha kazi, nakwenda kwetu Muleba."

Kisu kilisimama katikati ya ndizi. "Muleba? Kwani wamekuhamisha?"

"Hakuna aliyenihamisha. Nimechoka mwenyewe." Eugenia alikuwa amejiapiza kutomlaumu mtoto, lakini maneno yalimponyoka. "Mmefeli wote sita, Ainebyona. Kila nilichowafundisha kimekwenda na maji. Na siku ile ile wewe ulikuwa unaimba. Mtu kama mimi abaki afanye nini?"

Barabarani dereva alipiga honi. Mtoto hakugeuka. Aliweka kisu chini.

"Yule afisa alisema tukifaulu utachukuliwa. Kwa hiyo tulikubaliana wote sita, kila jibu tulilolijua tukaweka alama kwenye lingine. Sisi tulikuwa tunamaliza, mwalimu. Tulitaka wadogo zetu wakukute."