Viazi Vilivyorudi Shambani kwa Ngiri

Zamani wanyama walipokuwa wakilima wenyewe badala ya kutuibia sisi, alikuwepo Ngiri mwenye majivuno. Akivuna viazi, alivirundika kando ya njia ili majirani wavione, vyote vikubwa vikubwa.

Msimu uliofuata akapanda karoti shambani mule mule. Katikati ya karoti vikaota viazi. Akakata majani yake. Yakachipua upya, manene zaidi, karoti zikanyong'onyea.

"Fuko ananipandia viazi chini kwa chini ili anikomoe!" alifoka, akawaita majirani. "Leo ahame!"

"Jirani yangu, mimi chakula changu ni minyoo," Fuko alilia. "Viazi nitavitoa wapi?"

"Nyamaza! Tuchimbe tuone."

Kikafukuliwa kiazi kidogo kilichosinyaa. Fuko, ambaye haoni vizuri, akakipapasa. "Kimeumwa," akasema. "Kwa meno makubwa mawili, moja limevunjika ncha."

Wote wakamtazama Ngiri mdomoni. Akajaribu kuufumba, lakini meno ya ngiri hayafichiki. Hapo akakumbuka: wakati wa kuvuna, kila kiazi kidogo alikionja, kisha akakifukia kisije kikamharibia lundo.

"Aliyepanda nimemjua," akasema kwa unyonge. "Ni mwongo, na meno yake mabaya."

"Basi ahame?" Fuko akauliza.

"Asihame kabla hajaving'oa vyote," akajibu Ngiri, akapiga magoti, akaanza kuchimba.

Hadi leo ngiri huchimba akiwa amepiga magoti. Ukimuuliza, atakwambia kimebaki kimoja tu.