Kumi wa Chini

Asubuhi Suzana alikutwa chini ya Zakaria, na masjala nzima ikacheka hadi watu wakashika mbavu.

Kwenye orodha, jamani. Kompyuta mpya ya kiwanda cha pamba ilikuwa imempeleka mwisho kabisa, baada ya Z. Odeta, mpiga chapa, akakagua akaona kosa lake: wenzake wote aliwaandika kwa herufi kubwa, Suzana peke yake kwa ndogo. Akamwandika upya, akabonyeza, Suzana akapanda hadi kwenye S yake.

"Kumbe hata mashine ina dharau," akasema Suzana.

Kicheko hakikudumu. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, mwekezaji alitaka watu kumi wapunguzwe, na Meneja Abeli Ndalahwa ndiye aliyebuni njia ya haki: majina yapangwe kwa alfabeti, kumi wa chini waende nyumbani. "Mashine haina ndugu," alipenda kusema, na shemeji zake watatu, Adamu, Amosi na Andrea, waliitikia kwa vichwa.

Robati wa ghalani alikuja na ombi.

"Shikamoo, Mzee. Naomba niandikwe Lobati. Hata mama yangu ananiita hivyo."

"Marahaba. Na faili lako linakuitaje?"

Robati akarudi ghalani.

Odeta hakuomba kitu. Alishahesabu mara tano, na kila mara alijikuta wa kumi kutoka chini. Ngosha, aliye juu yake tu, alikuwa amepona. Mume wa Odeta alipunguzwa kazi mwaka jana, na watoto wanne kule Buzuruga walimtegemea yeye. Ilimuuma, tena ilimtia aibu, kwamba orodha ya kumfukuza alikuwa akiipiga kwa vidole vyake mwenyewe.

Saa nne Meneja akaingia na mgeni, Bi Getruda, mwakilishi wa mwekezaji, mama wa miwani minene na maneno machache. Meneja alitaka mgeni aondoke akijua ameonana na mtu mwadilifu.

"Hata jina langu liwemo humo," akatangaza. "Watu wasije wakasema."

Akavuta kiti cha Odeta, akaanza kudonoa herufi kwa kidole kimoja.

Odeta akatazama kioo cha kompyuta.

"Mzee, wengine nimewaandika kwa herufi kubwa. Nikubadilishie?"

"Acha hivyo hivyo. Mimi si mtu wa kujikweza."

"Haya, Mzee."

Odeta akabonyeza. Printa ikaanza kukereza. Meneja hakuwa na haja ya kuisubiri karatasi. Alichomoa barua mfukoni, akaitia sahihi mbele ya mgeni, akaisoma kwa sauti ya kanisani: kumi wa chini kazi yao imekoma leo, na hakuna rufaa kwa yeyote.

Bi Getruda akaipokea barua, akaikunja, akaitia mkobani. Kisha akaikata orodha kwenye printa, akahesabu kutoka chini, akapiga mstari kwa rula. Odeta alikuwa juu ya mstari.

"Basi niwaite," akasema Bi Getruda, akiinua miwani. "Naanza na wa mwisho kabisa, huyu aliye chini ya Zakaria. Abeli Ndalahwa yupo?"