Tiara Isiyo na Mkia

Dakika tano kabla ya kuitwa uwanjani, Severin aliukata mkia wa tiara yake kwa wembe, akautia mfukoni. Waliosimama karibu walitazamana. Tiara bila mkia haiendi popote, hilo hata mtoto wa kijijini Mlali analijua.

"Mluguru kachanganyikiwa," alisema Bonifasi, Mngoni, mtani wake tangu walipokuwa mafundi wa mashine za kufumia kwenye zamu moja. "Mwacheni. Njaa ina mambo yake."

Severin hakujibu. Miaka mitatu sasa, tangu kiwanda cha nguo kifungwe na wote mia nane warudishwe nyumbani, hakuwa mtu wa kujibu. Siku kilipofungwa hakulia wala hakukasirika. Mkewe Editha, aliyeshusha mboga kutoka milimani kila alfajiri ili wapate kula, aliwaambia ndugu zake, "Mume wangu haumwi. Amekufa ganzi tu." Na kweli, ungempa chai ya moto au iliyopoa, angekunywa vilevile.

Sasa kiwanda kilikuwa kimenunuliwa. Ndiyo miaka ilivyokuwa, kila ukigeuka kitu cha serikali kimepata tajiri. Kampuni mpya ilitaka kujitambulisha kwa watu, ikatangaza mashindano ya tiara kwenye uwanja wa mbele ya geti. Zawadi ilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: mshindi atapewa kazi kiwandani, kitengo cha kufumia, pamoja na msaidizi atakayemchagua mwenyewe.

Severin alilisoma tangazo lile mara mbili. Jioni yake Editha alimkuta uani akichonga mwanzi. Alirudi jikoni kwa kunyata, asije akamkatiza.

Alichonga siku kumi na moja. Karatasi yake ilikuwa mfuko wa rambo. Ufundi wenyewe ulikuwa kwenye kijiti cha kukingama, alichokipunguza mpaka kikawa kinapinda ukikipulizia.

"Ukivuta uzi, mabawa yanajikunja kwa nyuma, inakwenda moja kwa moja," alimweleza Editha, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. "Ukilegeza, yanalala bapa, inazunguka. Ukijua wakati wa kuvuta na wakati wa kulegeza, mkia wa nini?"

Likabaki fundo la kifuani mwa tiara, pale unapofungwa uzi mrefu. Alilipandisha kidogo, upana wa punje ya mchele, tiara ikawa nzito kugeuka. Akalishusha punje mbili, ikazunguka ovyo na kuanguka juu ya banda la kuku. Akapandisha nusu punje. Hapo akairusha tena, akaiangalia muda mrefu, akaifunga mkia wa kuwazuga washindani, akaingia ndani kula.

Siku ya mashindano, tiara ya Bonifasi ilikuwa pana kama mkeka, na mkia wa mita tatu. Ilipanda kuliko zote, ikasimama huko juu. Majaji wakamwambia aigeuze kushoto. Ikaendelea kusimama. Watu wakamzomea, naye akawapungia mkono kana kwamba wanamshangilia.

Severin alingoja upepo ushuke kutoka milimani. Alivuta, tiara ikapanda. Alilegeza, ikapinduka mara tatu, ikaporomoka kuelekea vichwa vya watu, akina mama wakainama na kanga zao. Akavuta tena. Ikaondoka sambamba na ukuta wa kiwanda, ikaruka geti, ikageuka na kurudi ilikotoka. Uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Severin alihisi kitu kifuani, akashtuka. Ilikuwa furaha, naye alikuwa ameshaisahau.

Bwana mmoja wa kampuni, mwenye shati jeupe na daftari, alimfuata.

"Umejifunza wapi haya?"

"Humo ndani. Uzi ni uzi, mzee. Miaka kumi na minne nimekaza na kulegeza mashine arobaini."

"Nati zilizoshika kutu unaweza kuzifungua?"

"Zote. Nazijua moja moja."

"Na mashine moja ina uzito gani?"

"Inakaribia tani."

Yule bwana aliandika. Severin alimpenda kwa hilo. Mtu anayeuliza uzito, aliwaza, anafikiria jinsi ya kuzipanga upya.

"Msaidizi wako nani?"

"Yule Mngoni."

"Afadhali," alisema Bonifasi. "Atapata wa kumfundisha kazi."

Jumatatu Editha alipiga pasi ovaroli ya zamani huku machozi yakimtoka. Severin alimwambia ataiunguza, akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu kiwanda kifungwe.

Ndani ya kiwanda mashine zilikuwa palepale, safu kwa safu, chini ya vumbi. Severin alikwenda moja kwa moja kwenye namba saba, ile aliyoanza nayo kazi akiwa kijana. Aliipangusa kwa kiganja, akalizungusha gurudumu lake. Lilikuwa zito, lakini lilizunguka. Akageuka kwa bwana wa shati jeupe.

"Mafuta ya kulainishia yako wapi?"

"Hayahitajiki," alisema yule bwana, akalifungua sanduku lililokuwa sakafuni. Mlikuwa na nyundo mbili kubwa na mtungi wa gesi ya kukatia. "Lori la chuma chakavu linafika saa sita. Kumi za kwanza ziwe vipande."

Severin aliipokea nyundo kwa mikono miwili. Akabaki ameishika hivyo hivyo.

Bonifasi, aliyekuwa nyuma yake, hakutania. Aliichukua ile nyundo mikononi mwa mwenzake, akaenda kusimama mbele ya namba saba.

"Kaa pembeni, Severin," alisema. "Mfiwa hachimbi kaburi."