Gari Lisilo na Harufu ya Mtu

Sheria ilikuwa moja: gari likitoka kuoshwa lisibaki na alama yoyote ya mwoshaji, si jasho, si unywele, si harufu. Mashine ya mkaguzi ilinusa viti na kutoa namba. Ati sifuri ndiyo kazi safi, na wateja walifuata sifuri.

Banda la Mashavu, ng'ambo ya barabara, lilipata sifuri kila siku. La Tunu lilipata saba.

"Maziwa ya mama," mkaguzi alisema, akisoma mashine yake. "Unanyonyesha, dada. Kesho nikikuta saba tena, nafunga banda."

Jioni ile Tunu akanywa dawa aliyokuwa akinywa Mashavu, ile ya kuua harufu ya mwili. Kesho yake mashine ikatoa sifuri, na foleni ya magari ikafika hadi kona.

Alirudi nyumbani mbiombio, akambeba mwanawe, Chausiku. Mtoto alinusa kifua, akanusa shingo, kisha akapiga yowe kama aliyebebwa na mgeni. Titi akalikataa. Alinyamaza tu alipofunikwa kanga aliyoivaa mama yake juzi, ambayo haikuwa imefuliwa.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mashavu, mpinzani wake. Aliitazama ile kanga kwa muda mrefu.

"Usiifue, mwenzangu," akanong'ona. "Harufu kwenye yangu ilidumu miezi mitatu."

"Kisha mwanao akakuzoea?"

"Sasa analala kwa bibi yake," Mashavu alisema. "Bibi bado ana harufu."