Giza la Kanga

Bi. Mwanakombo alimletea mgeni glasi ya maji kwenye sinia, kama alivyomfanyia kila aliyeingia uani tangu achimbe kisima humo kiwe sadaka kwa ajili ya marehemu mumewe. Nasra, mpimaji wa maji, hakuyanywa.

"Niwie radhi, bibi. Kompyuta yetu imekisia kuwa sumu ya kiwanda cha betri imeshafika hapa."

"Hiyo kompyuta imewahi kuyaonja?"

"Ndiyo maana nimekuja kupima."

Nasra alitia matone mawili ya dawa kwenye glasi ileile. "Yakiwaka, yana sumu. Ila nahitaji giza."

Bi. Mwanakombo akavua kanga ya mabegani, akajifunika gubigubi yeye na Nasra, pamoja na glasi. Humo ndani Nasra akawasha kitochi cha mwanga wa zambarau. Maji yakawaka kijani, yakapendeza kama taa za harusi.

"Nimewanywesha mtaa mzima," bibi akanong'ona.

Nasra akamshika mkono.

Nje, ndoo ziligongana mlangoni. "Hodi, Bi. Mwanakombo! Tumekuja kuteka!"

Kwa mara ya kwanza bibi hakuitikia "Karibu." Alizibana pindo za kanga zisiachie, na glasi ikaendelea kuwaka katikati yao.