Konzi ya Chumvi

Kinamasi cha Lubanzi kilikuwa kikimeza mtu, kisha kinarudisha nakala yake, sura ile ile, sauti ile ile. Kilichokishinda ni ulimi tu: nakala haikujua chumvi. Kwa hiyo Masalu aliporudi kutoka kukata matete huko, Nyamizi mkewe alitia konzi nzima ya chumvi kwenye mchuzi wa kambare, akaketi akimvizia.

Masalu alitia tonge mdomoni, akalitema.

“Mama Shija! Unataka kuniua?”

“Nisamehe, baba.” Nyamizi alicheka, machozi ya faraja yakimlengalenga. Naye akamega ugali, akachovya, akala. Akala tena.

Masalu hakucheka. Alimtazama anavyotafuna bila kukunja uso.

“Jana kinamasini uliteka maji na nani?”

“Peke yangu,” alijibu, akiramba vidole.